Viti elfu 26 vya ziada Old Trafford, atakaa nani?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua na mimi nitoe langu, maana huu mjadala wa Man United kujenga uwanja mpya wa watu 100,000 naona umeshageuka makelele, upande mmoja wanalia historia historia, upande wa pili wanasema hao wanaolia ni wazee wasiotaka maendeleo, na hapo katikati lile swali ambalo mimi naona ndo lenyewe wengi wanaliruka. Old Trafford ya sasa inaingiza watu kama 74,000. Uwanja mpya unatajwa laki moja. Tofauti yake ni viti elfu 26 hivi. Mimi nauliza, hivyo viti elfu 26 atakaa nani, na kwa bei gani? Nikijibiwa hilo ndo nitasema kama naunga mkono au napinga, kabla ya hapo mtu asinihesabu upande wowote.

Nianze na wenzangu wanaosema tusiguse kitu, Old Trafford ni Old Trafford. Hao nawaelewa kabisa, ni watu wangu. Ila jamani tukisoma historia tuisome yote. Hii klabu ilishawahi kuhama. Kabla ya 1910 tulikuwa tunacheza Bank Street, kule Clayton, pembeni ya viwanda na moshi wake, na sidhani kama mashabiki wa enzi zile walishangilia walipoambiwa sasa mechi zinaenda upande mwingine kabisa wa mji. Tukaingia Old Trafford Februari 1910, mechi ya kwanza tukapigwa 4-3 na Liverpool, yaani hata rangi haijakauka majogoo wameshatutia mkosi. Na kuna kitu wengi hawakijui: wazo la mwanzo la ule uwanja, enzi hizo unachorwa na Archibald Leitch, lilikuwa ni watu 100,000. Laki moja ileile. Gharama zikapanda wakakata wakabaki na elfu 80 hivi. Kwa hiyo anayesema laki moja ni tamaa za Sir Jim Ratcliffe, mmiliki mwenza wa klabu, peke yake ajue hiyo tamaa ina zaidi ya miaka mia.

Halafu ikaja vita. Machi 1941 mabomu ya Wajerumani yakaubomoa uwanja, timu ikaenda kujihifadhi Maine Road, kwa Man City (sijakosea kuandika, kwa City) mpaka 1949 ndo tukarudi kwetu. Na hapo katikati, 1948, tukabeba Kombe la FA chini ya Matt Busby tukiwa hatuna uwanja wa nyumbani. Sasa mtu akiniambia roho ya United imo kwenye matofali hainiingii sana. Roho ya United iko kwa watu wanaoingia mle ndani, na ndo maana nang'ang'ania kuuliza wataingia kina nani.

Hali ya uwanja wenyewe tusidanganyane. Mei 2024 tumefungwa 1-0 na Arsenal pale nyumbani, mvua ikanyesha, maji yakawa yanamwagika kutoka kwenye paa mpaka majukwaani dunia nzima inatazama, wapinzani wakapata cha kutuchekea mpaka leo. Euro 2028 inakuja Uingereza na Ireland, Old Trafford haimo kwenye orodha, uwanja wa City umo, uwanja mpya wa Everton umo. Klabu iliyobeba ligi mara 20! Na wale wanaosema "si wakarabati tu" waangalie lile jukwaa la Sir Bobby Charlton, nyuma yake pana reli, ndo maana majukwaa mengine matatu yalipandishwa juu miaka ya nyuma lile likabaki fupi vilevile. Kulipandisha inawezekana, wahandisi hawashindwi, ila ni pesa nyingi, na muda huo wote timu inacheza wapi au inaingiza watu wangapi? Barcelona waliondoka Camp Nou 2023 kupisha ukarabati, wakaenda Montjuïc kwenye uwanja wa Olimpiki wenye njia ya kukimbilia, misimu miwili mizima na zaidi, mashabiki wao wenyewe walikuwa wanalalamika kule ni mbali na kumepoa.

Huu mpango uliotangazwa Machi 2025, ule uliochorwa na Foster wenye zile nguzo tatu ndefu na paa kama mwavuli, kwenye hilo umejipanga vizuri, maana unajengwa pembeni ya uwanja wa zamani, timu inaendelea kucheza mpaka mpya uishe. Bilbao walifanya kitu cha namna hiyo, San Mamés mpya ilijengwa ikiwa imegusana na ile ya zamani, 2013 wakaanza kucheza pande tatu zikiwa tayari, wakabomoa ya zamani ndo wakamalizia upande wa nne. Mashabiki wanashukia stesheni ileile, wanapita mitaa ileile. Uwanja mzuri sana ule, japo kwetu una kumbukumbu mbaya, ndo pale pale Mei 2025 Tottenham walitufunga 1-0 fainali ya Europa. Tuyaache hayo.

Kwa hiyo mimi sina ugomvi na kuhama. Nina ugomvi na namna ya kuhama, na hapa wenzangu wanaoshabikia laki moja naomba wanisikilize kidogo, maana kila nikiwauliza wananiambia "angalia Spurs (Tottenham), angalia Arsenal". Haya, tuangalie.

Ila kabla ya hao tuanze na West Ham, maana nao walihama. Wamekaa Boleyn tangu 1904, uwanja wa watu elfu 35 hivi, majukwaa yamekaribia chaki kiasi kwamba winga anasikia matusi yake moja moja. Mechi ya mwisho Mei 2016 waliicheza na sisi, basi letu likapigwa chupa nje, mechi ikachelewa dakika 45, tukafungwa 3-2, na kwa kweli ile sauti ya ule usiku hata mimi niliyefungwa nilijua hawa watu wanapoteza kitu. Wakaenda London Stadium, uwanja wa Olimpiki ya 2012, elfu 60. Na bei ya tiketi za msimu walishusha, ya chini kabisa ilikuwa pauni 289, hapo niwape haki yao, walijitahidi. Lakini ule uwanja ulijengwa kwa ajili ya riadha, umeachwa na njia yake ya kukimbilia, viti vya chini vinasogezwasogezwa mbele, ukikaa nyuma mchezaji unamuona kwa mbali huko. Machi 2018 wamefungwa 3-0 na Burnley mashabiki wakaingia uwanjani, mwingine amebeba kibendera cha kona anaenda kukichomeka katikati ya uwanja, wengine wamejazana chini ya alipokaa mmiliki wanamwimbia. Hasira zile hazikuwa za Burnley. Na kubwa kuliko yote West Ham pale ni wapangaji, mkataba wa miaka 99, kodi wanalipa ndogo sana kwa uwanja kama ule, lakini mpangaji hata akilipa kidogo hawezi kuamua ukuta ubomolewe wapi.

Sasa linganisha na City, na hapa shabiki wa United najikaza kuandika. Nao uwanja wao haukuwa wao, ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Jumuiya ya Madola 2002 na mpaka leo ardhi ni ya halmashauri. Ila kabla hawajahamia 2003 ile njia ya kukimbilia iliondolewa, wakachimba chini, wakaongeza safu za viti za chini hadi karibu na chaki. Uwanja ukawa wa mpira. Wapangaji wawili, mmoja akaingia nyumba iliyorekebishwa kwanza, mwingine akaingia ilivyo. Tofauti yote iko hapo na ilikuwa inaonekana kwenye makaratasi kabla ya mtu kuhama.

Wetu utakuwa wa mpira tu, hakuna riadha, hilo la West Ham halitupati. Letu ni lingine. Ni deni.

Arsenal wanajua. Highbury ilikuwa elfu 38, wakatoka 2006, mechi ya mwisho Henry kapiga tatu dhidi ya Wigan akabusu nyasi, wakaingia Emirates ya elfu 60. Uwanja wao, wameulipia wenyewe, pauni milioni 390 hivi, heshima kwao. Lakini kilichofuata mnakikumbuka. Henry kaenda 2007, Fàbregas na Nasri 2011, na 2012 Van Persie wakamuuza kwetu! Mabao 26 ya ligi, ubingwa wa 20, kocha wetu Fergie akastaafu kwa heshima. Mimi huwa nawaambia marafiki zangu wa Arsenal kwamba ule ubingwa tuwagawie kipande, uwanja wao umechangia. Toka 2005 mpaka 2014 hawakubeba kombe. Kocha wao Wenger alikuwa anasema kumaliza nafasi ya nne ni kama kombe, tukamcheka, kumbe mzee alikuwa anahesabu marejesho ya benki. Sisemi walikosea kujenga, ukiwaangalia leo wamesimama vizuri tu, ila kuna kizazi kizima cha mashabiki wao kilikua kikiona makapteni wanauzwa, na hakuna aliyewaambia mapema kwamba hiyo ndo itakuwa bei.

Everton nao. Goodison tangu 1892, wameuaga Mei 2025 kwa kuwafunga Southampton 2-0, Ndiaye yote mawili, watu wazima wanalia hadharani. Agosti wakafungua uwanja mpya kule bandarini Bramley-Moore wakampiga Brighton 2-0, bao la kwanza Ndiaye tena, sherehe. Uwanja ni mzuri, elfu 52 na ushee, majukwaa yamebanana, na kitu kimoja walichofanya mimi nimekipenda mno, Goodison hawakuivunja, wamewapa timu yao ya wanawake wacheze pale. Lakini kabla ya hiyo sherehe msimu wa 2023/24 walikatwa pointi mara mbili, jumla nane, kwa kuvuka kiwango cha hasara kinachoruhusiwa, na gharama za huo uwanja zilikuwa sehemu ya mabishano yenyewe mbele ya tume. Wakawa wanapigania kutoshuka daraja huku wanajenga uwanja wa kisasa. Hebu fikiria hiyo, uwanja mpya bandarini unafunguliwa kwa mechi za ligi ya chini yake.

Sasa sisi tunaingia kwenye hili tukiwa na nini? Tuna deni la tangu 2005 lililoletwa na familia ya Glazers, waliinunua klabu kwa pauni milioni 790 hivi na sehemu kubwa ilikuwa mkopo, mkopo ukawekwa kwenye mgongo wa klabu yenyewe, tumelipa riba miaka ishirini na deni bado lipo. Kuna mashabiki walikasirika mwaka uleule wakaenda kuanzisha timu yao, FC United of Manchester, na 2015 wakafungua uwanja wao wenyewe, Broadhurst Park, mdogo tu lakini wa wanachama. Halafu leo tunaambiwa uwanja wa pauni bilioni 2. Nani anakopa? Anakopa kwa jina la nani? Ratcliffe aliingia 2024 na hisa zisizofika hata theluthi moja, akaanza kwa kupunguza wafanyakazi kwa mamia akisema klabu haina pesa. Sawa, inawezekana kweli haina. Ila klabu ambayo haina pesa ya kumlipa mtu wa ofisini inapataje pesa ya nguzo tatu zinazoonekana toka wilaya ya tatu, na ikishazipata itazirudisha kupitia mfuko wa nani?

Hapo ndo narudi kwenye tiketi. Mwishoni mwa 2024, katikati ya msimu, klabu ilipandisha tiketi zilizobaki za wanachama zikawa pauni 66 kwa kila mtu, mtoto 66, mzee wa pensheni 66, hakuna punguzo. Na hii ni kwenye uwanja huu huu unaovuja! Mashabiki wakaandamana. Sasa kama kwenye uwanja wa zamani usio na marejesho ya bilioni 2 mtoto alilipishwa 66, kwenye uwanja mpya atalipa ngapi? Watu wanasema viti vikiongezeka bei inashuka, ni hesabu ya sokoni. Mimi naona hiyo hesabu inafanya kazi kama viti havijai. United vinajaa hata tukiwa tunacheza uozo, na tumecheza uozo miaka mingi sana. Mwenye duka ambaye bidhaa inaisha kila siku hashushi bei kwa hiari yake, anashusha akishikwa.

Na kushikwa inawezekana. Tena mfano wake unatoka kwa majogoo, inaniuma lakini ukweli usemwe. Liverpool walikuwa na mpango wa miaka mingi wa kuhamia Stanley Park, 2012 wakauacha, wakaamua kuipanua Anfield, jukwaa kuu kwanza kisha la Anfield Road, sasa hivi wanaingiza elfu 60 na zaidi palepale walipozaliwa. Lakini wakati jukwaa kuu linajengwa, Februari 2016, klabu ikatangaza kwamba kwenye jukwaa hilo kutakuwa na tiketi za pauni 77. Mashabiki hawakuandika barua kama hii yangu. Mechi na Sunderland, wanaongoza 2-0, dakika ya 77 ilipofika maelfu wakasimama wakatoka nje. Sunderland wakarudisha zote mbili, ikaisha 2-2. Siku chache baadaye wamiliki wakaomba radhi na bei ikafutwa. Hiyo ndo lugha ambayo wamiliki wanaielewa, na angalia wakati, walifanya kabla jukwaa halijafunguliwa. Ungeshafunguliwa, kila mtu ameshanunua kadi ya msimu, nani angetoka?

Spurs nao wanatajwa kila siku kama mfano wa kuigwa. Na kweli, kwa ujenzi, ule uwanja ni wa kuigwa. Wametoka kwenye elfu 36 wakaja elfu 62 na mia nane hamsini, jukwaa la kusini ni moja refu la watu 17,500 limesimama kama ukuta nyuma ya goli, paa limewekwa kurudisha sauti chini. Aprili 2019 wamefungua, Juni wako fainali ya Klabu Bingwa. Lakini Machi 2024 klabu hiyohiyo ikatangaza kupunguza punguzo la tiketi za msimu kwa wazee, watu waliokuwa wanaenda uwanja wa zamani, White Hart Lane, toka wadogo ndo wanaambiwa punguzo lenu ni kubwa mno. Uwanja bora nchini, una mpaka mechi za NFL (ule mpira wa Kimarekani) na matamasha yanayoingiza pesa, na bado waliokumbukwa kupunguziwa punguzo ni wazee. Kwa hiyo pesa nyingine kuingia sio dawa yenyewe. Lazima mtu aandike mahali kwamba hii pesa itashusha bei, vinginevyo itaenda inakoenda.

Kuna jamaa yangu ananiambia kila siku kwamba hata hivyo uwanja mkubwa unaua vaibu, bora mdogo wenye moto. Anatoa mfano wa Juventus, na mfano wake ni mzuri: Delle Alpi ilikuwa karibu elfu 70, ina njia ya riadha, haijai, baridi tupu. Wakaibomoa wakajenga palepale uwanja wa elfu 41, wakafungua 2011, wakachukua Scudetto (ubingwa wa Italia) tisa mfululizo. Walipungua ndo wakanenepa. Lakini mimi simkubalii moja kwa moja, kwa sababu Dortmund wanaingiza elfu 81 na hakuna anayesema pale pamepoa. Tofauti yao ni nini? Lile jukwaa la kusini, watu karibu elfu 25 wamesimama, sio wamekaa, wamesimama, na tiketi ya kusimama pale ni ya bei ambayo kijana wa shule anaimudu. Ukubwa sio unaoua sauti. Kinachoua sauti ni kumtoa kijana wa miaka 17 nyuma ya goli ukamweka mgeni aliyekuja mara moja kupiga selfi, kisha ukashangaa kwanini hakuna anayeimba. Uingereza tangu Januari 2022 imeruhusu tena sehemu za kusimama zenye vyuma vya kushikilia, na Old Trafford ilikuwa mojawapo ya viwanja vya majaribio, kwa hiyo sheria sio kisingizio tena.

Najua kuna atakayesema, wewe Old Trafford yenyewe unaiona kwenye TV, bei ya tiketi inakuhusu nini. Nimeshaambiwa sana hiyo. Inanihusu hivi: mimi na mamilioni wengine tunalipia king'amuzi kuangalia hii ligi, na tunacholipia sio pasi tu, pasi ziko kila ligi. Tunalipia ule uwanja kulipuka dakika ya 90. Mliangalia mechi za 2020 zilizochezwa bila watu, mnakumbuka zilivyokuwa, mnasikia kocha anakohoa. Siku watu wa Salford na Stretford, jirani na uwanja, wakishindwa kulipa wakabaki nyumbani, na sisi huku tunapata mpira ulionyamaza, bei ileile.

Basi mimi ningekuwa kwenye vikao vya mashabiki na klabu ningeomba vitu vichache tu na ningeviomba sasa, kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa, maana likishachimbwa hamna tena wa kukusikiliza. Kati ya vile viti elfu 26, nusu viwe vya bei ya chini na iandikwe kwenye mkataba, na bei hiyo isipande kuliko mfumuko wa bei kwa miaka ishirini. Stretford End mpya, lile jukwaa la nyuma ya goli, iwe jukwaa moja refu la kusimama, bila maboksi ya VIP katikati yake, hata wapewe faida gani. Punguzo la mtoto na la mzee lilindwe. Deni la ujenzi lisichanganywe na lile la Glazers, na wamiliki waweke mtaji wao wenyewe, sio kukopa tena kwa jina letu halafu gawio wachukue wao. Uwanja wa zamani sio lazima uvunjwe wote, wangeangalia walivyofanya Everton, timu yetu ya wanawake inacheza Leigh, kilomita nyingi kutoka Old Trafford, sehemu ndogo ya uwanja wa zamani ikihifadhiwa ingewatosha kabisa. Sijui kama nafasi itaruhusu kwa ujenzi wenyewe, lakini hata kujadiliwa sijaona ikijadiliwa kwa uzito.

Hapo wakikubali, mimi ni wa laki moja, kesho asubuhi. Wakikataa, basi bora tubaki na paa letu linalovuja walizibe, wapandishe lile jukwaa la relini wanavyoweza, tuishie elfu 80 na kitu.

Kuhusu jina, maana najua ndo mjadala unaofuata, klabu kadhaa zimeuza, Arsenal shirika la ndege, City shirika la ndege, Everton kampuni ya wanasheria. Mimi sitapigana sana kwenye hilo. Wauze jina kama watu watakuwa wanaendelea kupaita Old Trafford midomoni, na watapaita tu, ila hiyo pesa ya jina ionekane kwenye bei ya tiketi ya nyuma ya goli. Isipoonekana hapo, waliache jina lilivyo.

Wako,
Shabiki wa Man United